Kiangazi Hiki Lala Porini: Namna ya Kuchagua Hifadhi Ukitokea Singida

Alizeti ikishavunwa, Singida huingia katika miezi mizuri kuliko yote kwa mtu anayetaka kupiga hema. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Kuanzia Juni hadi Oktoba anga ni kavu, barabara za vumbi zinapitika, nyasi zimelala, na wanyama wanaonekana wakifuata maji machache yaliyobaki. Shule zinafungwa Juni, Saba Saba inafuata, kisha Nane Nane. Nafasi ya kusafiri ipo. Kinachokosekana kwa familia na vijana wengi wa Singida mjini, Manyoni, Kiomboi na Ikungi ni uamuzi wa wapi pa kwenda.

Wengi huchagua kwa jina. Mtu amesikia habari za Serengeti tangu shule ya msingi, anadunduliza fedha, anafika langoni, ndipo anaambiwa kwamba haingii mtu kwa miguu, na kwamba kushuka garini ni marufuku isipokuwa sehemu zilizotengwa. Alitaka kutembea, sasa atakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi hadi jioni. Serengeti ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000 za wanyama wakubwa, na kwa anayetaka kuwatazama wakiwa wengi haina mpinzani. Lakini haikukusudiwa kwa mtu mwenye viatu vya kupandia mlima na begi mgongoni.

Kwa hiyo kabla ya kutaja hifadhi yoyote, amua unataka kufanya nini: kutembea, kupanda mlima, kutazama wanyama, au kuwapeleka watoto walale nje kwa mara ya kwanza. Ukishaamua hilo, pima fedha, pima miguu ya mtu aliye dhaifu kuliko wote katika kundi lenu, kisha pima umbali. Ukifuata mpangilio huo utagundua kwamba Singida imekaa pazuri sana. Barabara ya lami inakwenda kaskazini hadi Katesh, Babati na Arusha, nyingine inashuka Manyoni hadi Dodoma, na nyingine inateremka Sekenke kuelekea Nzega na Kanda ya Ziwa. Hifadhi za aina zote ziko kwenye barabara hizo.

Jua kwanza mwenye eneo ni nani

Watu husema "mbugani" wakidhani sheria ni moja kila mahali. Sivyo. Hifadhi za taifa ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Mapori ya akiba, kama Rungwa lililo ndani ya mkoa wetu, yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, na mengi yana vitalu vya uwindaji wa kitalii. Misitu ya hifadhi ya mazingira asilia, ukiwemo wa Mlima Hanang, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ngorongoro ina mamlaka yake peke yake. Michoro ya miambani ya Kondoa iko chini ya wasimamizi wa mambo ya kale.

Tofauti hiyo inagusa safari yako moja kwa moja. Kwa TFS utatembea kwa miguu ukiwa na mwongozaji, na kwa kawaida gharama huwa ndogo. Kwa TANAPA utatembea pale tu hifadhi inaporuhusu, mara nyingi ukisindikizwa na askari mwenye silaha, kwa sababu nyati na tembo hawana urafiki na mtu wa miguu. Kwenye pori la akiba unaweza kukuta msimu wa uwindaji, unaofunguliwa Julai, umeshaanza. Piga simu au fika ofisi ya mamlaka husika mapema, uulize maswali matatu: je, kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, je, eneo la kambi lina maji na choo, na je, gari la kawaida linafika?

Tuna ndugu wanaoishi Canada, na wanapotusimulia kambi za huko hutushangaza kwa mambo mawili. La kwanza, mtu huingia msituni Banff, hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1885, akatembea siku nzima bila askari. La pili, nafasi za hema za majira ya joto hufunguliwa kwa maombi miezi mingi kabla, wakati theluji ingali ardhini, na zile nzuri huisha upesi. Kutembea bila askari tusikuige, kwa sababu wanyama wetu ni wengine. Kupanga mapema ndiko kwa kuiga. Anayeanza kuulizia nafasi wiki ya Saba Saba amechelewa, hasa akitaka kambi maalumu, ile ambayo kundi moja hupewa eneo lote peke yake.

Hanang: mlima wa jirani

Kama ni mtu wa miguu na unatoka Singida, jibu langu la kwanza ni Mlima Hanang. Ni wa nne kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin, una mita zipatazo 3,420, na mji wa Katesh uko chini yake kabisa, kando ya lami. Ukipanda basi la Babati au Arusha asubuhi, hujamaliza mazungumzo na jirani yako na mlima umeshaonekana dirishani. Hakuna gari la utalii la kukodi, wala tiketi ya ndege.

Njia inayotumiwa zaidi inaanzia upande wa Jorodom, karibu na Katesh. Inapita mashamba na malisho, inaingia msituni, inatoka kwenye nyasi na vichaka vifupi, kisha inafuata mgongo mrefu wa mlima hadi kileleni. Ukiwa juu unaliona Ziwa Balangida likimeta chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na upande wa magharibi nchi inanyooka kuelekea nyumbani. Mwenye mazoezi anaweza kupanda na kushuka kwa siku moja, akianza kabla ya jua kuchomoza, lakini siku hiyo itakuwa ndefu na magoti yatadai haki yao. Kwa anayeanza ninashauri siku mbili: lala njiani kwenye hema, maliza kilele alfajiri, shuka mchana bila haraka. Mwenda pole hajikwai, na Hanang ina mawe mengi ya kujikwalia.

Mambo matatu usiyapuuze. Kwanza maji. Kiangazi njia haina maji ya kutegemea, kwa hiyo kila mtu abebe lita 4 hadi 5, na zaidi kama mtalala huko. Pili baridi. Usiku wa Julai juu ya mita 3,000 unaweza kukaribia kuganda, na upepo hauna huruma. Koti la kuvaa Singida mjini halitoshi. Tatu mwongozaji. Lipia ofisi ya TFS, pewa mwongozaji wa Katesh, mfuate. Ukungu ukishuka juu ya mgongo wa mlima, mgeni hajui kushoto wala kulia.

Na mlima huu uheshimiwe. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu yake iliporomoka, tope na mawe vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wanaokupokea pale wamezika ndugu zao. Salimia, pole yako itolewe kwa dhati, na usiwe mtu wa kuja kupiga picha za msiba. Kwa usalama wako, panda kiangazi tu. Mvua kubwa zikianza, acha mlima upumzike.

Watoto na wanaoanza: Babati na Kolo

Si kila kundi liko tayari kwa mita 3,420. Ukiwa na watoto wa shule ya msingi au wazazi wenye magoti ya zamani, endelea mbele hadi Babati. Ziwa Babati liko kando ya mji, lina viboko, na wavuvi huwatembeza wageni kwa mtumbwi. Juu ya mji umesimama Mlima Kwaraha, wenye mita zaidi ya 2,400, ambao mtu mwenye afya ya kawaida anaupanda na kurudi siku hiyohiyo akiwa na mwongozaji.

Kutoka Babati shika lami ya Kondoa hadi kijiji cha Kolo. Hapo ndipo lango la michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Vivuli vya miamba vyenye michoro ni zaidi ya 150, vimetawanyika kwenye vilima vinavyotazama nyika ya Wamasai. Utaona twiga, pofu na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, kazi ya mikono iliyotangulia vitabu vyetu vyote. Kupanda hadi Mungomi wa Kolo kunatoa jasho lakini hakumshindi mtoto wa miaka kumi. Ni mahali ambapo Warangi wamefanyia matambiko hadi nyakati zetu, kwa hiyo ingia kwa adabu, usiguse mchoro, na usimwage maji juu yake ili rangi ionekane vizuri kwenye picha. Maji hayo ndiyo yanayoifuta.

Kolo kuna mahali pa kupiga hema, usiku ni kimya, na hakuna haja ya kuhofia simba watoto wakienda chooni. Kwa usiku wa kwanza wa mtoto nje ya nyumba sijui mahali panapofaa zaidi katika kanda hii. Mtoto aliyefurahia Kolo mwaka huu atakusumbua mwaka kesho umpeleke Tarangire, na hilo ni sumbuo jema.

Tarangire na Manyara: kwa anayetaka wanyama

Tarangire ndiyo hifadhi kubwa ya wanyama iliyo karibu zaidi kwa anayepita barabara ya Babati. Ilitangazwa mwaka 1970 na ina kilomita za mraba 2,850. Njia ya kwenda lango kuu inachepuka Kwa Kuchinja, kabla hujafika Makuyuni, kwa hiyo huna sababu ya kufika Arusha kisha kurudi nyuma. Kiangazi ndio wakati wake hasa. Mto Tarangire unabaki na maji wakati nyika yote imekauka, na tembo hushuka kwa makundi hadi mtoni, katikati ya mibuyu ambayo kwa ukubwa haina mfano.

Utahitaji gari. Hapo ndipo bajeti nyingi zinapovunjika, na hapo ndipo umoja unaposaidia. Kundi la watu sita au saba likichangia gari moja kutoka Babati au Karatu, gharama ya kila mmoja inapungua hadi kiwango ambacho mwalimu au mfanyabiashara wa sokoni anaweza kukimudu. Vikundi vya kufa na kuzikana, kwaya, vikoba na timu za mpira vina kila kitu kinachohitajika: watu wanaoaminiana na utaratibu wa kuweka fedha kidogo kidogo. Mkianza kuchanga Oktoba, Julai mna safari.

Lala kambi ya umma kama fedha ni ndogo. Funga chakula ndani ya gari, si ndani ya hema. Mbung'o wako Tarangire, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa kaki au kijivu.

Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyo juu kidogo baada ya Mto wa Mbu, ni ndogo na inafaa siku moja. Ina msitu wa kijani unaonyweshwa na chemchemi hata wakati wa ukame, na njia ya kutembea juu ya miti yenye urefu wa mita 370, ambayo watoto huipenda kuliko simba. Kambi yake iko karibu na lango. Angalia nyani. Hujifunza haraka kufungua begi, na mkate ukishachukuliwa hauna wa kuudai.

Ukitaka wanyama na kutembea kwa pamoja, sogea hadi Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inayofikika kutoka Usa River. Hapo unaruhusiwa kutembea na askari kati ya twiga na nyati, ukafika maporomoko ya maji, ukapiga hema karibu na Momella. Ni miongoni mwa hifadhi chache za kaskazini ambapo miguu ina thamani kuliko gari.

Udzungwa: hifadhi ya watembeaji

Kuna hifadhi moja ambayo mpenzi wa kutembea anapaswa kuiweka moyoni hata kama iko mbali, nayo ni Milima ya Udzungwa. Ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na haitembelewi kwa gari. Kila kitu ni kwa miguu. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 kwa hatua kadhaa, na njia ya mzunguko kwenda huko huchukua nusu siku tu. Mwenye nguvu anaweza kupanda hadi kilele cha Mwanihana, safari ya siku mbili hadi tatu yenye kulala msituni. Humo wanaishi nyani wa Sanje, ambao wanasayansi waliwatambua mwaka 1979 na hawapatikani popote pengine duniani ila kwenye milima hii.

Kwa mtu wa Singida safari ya kwenda Udzungwa imekuwa rahisi. Chukua basi hadi Dodoma, panda treni ya SGR hadi Morogoro, kisha basi la Ifakara linalopita Mikumi na Kidatu. Shuka Mang'ula, makao makuu ya hifadhi yapo hapohapo. Tenga siku moja ya kwenda, siku moja ya kurudi, na angalau siku mbili za kutembea. Viatu viwe na meno mazuri, maana udongo wa msitu huteleza hata kiangazi, na soksi zivutwe juu ya suruali kwa ajili ya kupe.

Meru na Kilimanjaro: vizuri, lakini kwa zamu yake

Vijana wengi wataniuliza mbona nimechelewa kuutaja Kilimanjaro. Nimechelewa makusudi. Mlima wa mita 5,895 haupandwi kwa ushabiki. Unahitaji kampuni iliyosajiliwa, waongozaji, wapagazi, siku zisizopungua tano na fedha za kutosha kuongeza siku pale mwili unapokataa. Meru, wenye mita 4,566, hupandwa kwa siku tatu au nne ukilala kwenye vibanda vya Miriakamba na Saddle, huku askari akiwasindikiza kwa sababu ya wanyama wa chini.

Mji wa Singida uko kwenye mita zipatazo 1,500, na hiyo ni faida ndogo tu. Ukipita mita 2,500 mwili huanza kuuhisi upungufu wa hewa, iwe umezaliwa Singida au Tanga. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu ni onyo. Dalili hizo zikizidi, dawa ni kushuka, si kumeza vidonge na kukaza roho. Ngazi ninayoishauri ni Kwaraha, kisha Hanang, kisha Meru, na Kilimanjaro baada ya hapo. Kila mlima utakufundisha jambo ambalo ule wa juu yake utakudai.

Rungwa na Ruaha

Msomaji wa Itigi atauliza, na pori letu je? Kusini mwa mkoa kuna Rungwa, Kizigo na Muhesi, mapori ya akiba yanayopakana na ikolojia ya Ruaha. Njiani utapita vichaka vya Itigi, mimea mifupi iliyosongamana ambayo wataalamu wa mimea husafiri mbali kuja kuiona, na ambayo inazidi kupungua kwa kufyekwa. Ni mali yetu, na ningependa kila mwanafunzi wa Manyoni aijue kwa jina.

Lakini kwa mtu anayeanza sishauri Rungwa. Ni mbali na huduma, mbung'o ni wengi, mtandao wa simu hukatika, na uwindaji hufunguliwa katika miezi hiyohiyo unayotaka wewe. Nenda ukiwa na kibali cha TAWA mkononi, magari mawili na mtu anayelijua pori. Asiye na hayo aende Ruaha kupitia Dodoma, Mtera na Iringa. Ruaha ni kubwa, ina kilomita za mraba zipatazo 20,000, watu si wengi, na Msembe kuna kambi na mabanda ya bei ya kawaida kando ya mto.

Hesabu ya fedha

Andika kila kitu kwenye daftari kabla ya kutoa shilingi moja. Kiingilio ni kwa mtu, na kwenye hifadhi za taifa kwa kawaida huhesabiwa kwa saa 24. Ada ya kambi ni kwa mtu kwa usiku. Gari lina ada yake. Askari au mwongozaji ana ada yake. Kisha nauli, mafuta, chakula na akiba ya dharura, ambayo isipungue sehemu ya tano ya bajeti yote.

Habari njema ni kwamba raia wa Afrika Mashariki halipi sawa na mgeni. Mgeni hulipa makumi ya dola kwa siku, wewe unalipa kwa shilingi, na kwenye hifadhi nyingi kiingilio chako ni maelfu machache tu. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi hifadhi za taifa, na walio chini ya 16 wana kiwango chao. Ila uraia uthibitishwe. Beba kitambulisho cha taifa, na kwa watoto vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya shule. Pia usitegemee kulipa fedha taslimu langoni. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na salio, na lipa ukiwa bado mahali penye mtandao.

Panga saa ya kuingia. Ukiingia hifadhini saa nane mchana, unapata jioni ya leo na asubuhi nzima ya kesho kwa kiingilio kimoja, na asubuhi ndipo wanyama wanapotembea.

Vifaa na chakula

Usiingie madeni kwa ajili ya vifaa. Viatu vizuri vya kupandia vinapatikana mitumbani kwa bei ndogo. Angalia soli isiwe imekauka na kupasuka, na uvivae wiki kadhaa kabla ya safari, si siku ya safari. Hema na mifuko ya kulalia hukodishwa Arusha na Moshi. Hema likipatikana, lisimamishe kwanza uani kwako, ulimwagie maji ndoo mbili, ndipo ujue kama linavuja. Chini weka godoro jembamba, maana baridi ya ardhi ndiyo inayomaliza mtu usiku. Beba tochi ya kichwani na betri za akiba, kofia ya baridi, koti la upepo, dawa za kawaida, chumvi za kunywa wakati wa kuharisha, na kisu.

Kwa chakula, jikoni kwetu tayari kuna chakula cha safari. Michembe na matobolwa ni vyepesi, haviozi, na vinashibisha. Karanga zilizokaangwa na asali ya Itigi vinampa mpandaji nguvu kuliko biskuti za dukani. Kwa kambi ya gari, mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, na maharage yachemshwe nyumbani ili usimalize gesi. Kuokota kuni hifadhini ni kosa. Kuku wa kienyeji wa Singida ni mtamu, lakini mle siku ya kwanza na mifupa irudi na nyinyi, kwani harufu yake inamwita fisi.

Usalama na adabu ya kambi

Usiku kwenye hifadhi yenye wanyama, zipu ya hema ifungwe na ibaki imefungwa. Malizeni haja kabla ya kulala, na mwenye kulazimika kutoka amulike kwanza pande zote, amwamshe mwenzake, asiende mbali. Viatu viingizwe ndani, vikung'utwe asubuhi, kwa sababu ya nge. Maji, sabuni yenye harufu na chakula visilale na mtu. Huko Banff wenye mahema huweka chakula kwenye makasha ya chuma kwa sababu ya dubu. Sisi tuna tembo anayenusa embe ndani ya hema, na sababu ni ileile.

Acha mpango wa safari yako kwa mtu nyumbani: mnakwenda wapi, na nani, mnarudi lini, na namba ya ofisi ya hifadhi. Kundi lenye wanawake na wasichana lichague kambi yenye choo na mlinzi, na mahema yao yawe katikati. Muziki wa spika uachwe nyumbani. Taka zote zirudi na nyinyi. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo bebeni mfuko wa kitambaa kwa ajili ya taka. Na mwongozaji wa kijiji alipwe haki yake yote mkononi, palepale, bila kuombwa punguzo baada ya kazi.

Ukiniuliza kwa neno moja uende wapi kiangazi hiki, nitakujibu hivi. Mwenye watoto aende Kolo. Mwenye miguu aende Hanang. Mwenye kundi na gari aende Tarangire. Mwenye wiki nzima aende Udzungwa. Chagua moja tu, weka tarehe, waite wenzako, anzeni kuchanga wiki hii. Hifadhi hizi zinatunzwa kwa kodi zetu na kwa ardhi ambayo wazee wetu waliiacha wazi. Si haki watu wavuke bahari kuja kuziona, na sisi tulio saa chache kwa basi tuishie kuzitazama kwenye kalenda.